Aliyepangiwa kufa sehemu ya tatu: The Romance of Tiger and Rose

Kwenye mabanda ya video kuna sheria ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungiwa kwenye nyumba inayoungua, na mwishoni utamkuta amesimama. Wanaokufa ni wengine. Anakufa rafiki yake mcheshi, anakufa dada aliyemfungulia mlango wa nyuma, anakufa binti wa tajiri mwenye mdomo mchafu, na huyo akianguka banda zima linashangilia. The Romance of Tiger and Rose, tamthilia ya Kichina ya mwaka 2020 yenye sehemu 24, inamchukua mmoja wa hao wengine na kumweka mbele. Nimeitazama yote, sehemu nyingine nimezirudia, na ninaandika kwa sababu watu wengi wanaipita wakidhani ni mapenzi mepesi ya kusogezea muda. Mapenzi yamo, na wepesi umo. Kuna na jingine.

Kisa chenyewe ni hiki. Chen Xiaoqian ni mwandishi wa skripti katika China ya leo. Amehangaika na skripti yake, kikosi kimekaa kuisoma, na mwigizaji mkuu, Han Mingxing, anaikosoa mbele ya watu: anasema aliyeandika mapenzi ya namna hii hajawahi kupenda. Xiaoqian anarudi kuirekebisha kwa hasira, usingizi unampitia, na anapozinduka yumo ndani ya skripti. Ameamka akiwa Chen Qianqian, binti wa tatu wa mtawala wa mji wa Huayuan, mkorofi anayechukiwa na mji mzima, na ambaye Xiaoqian mwenyewe alimwandika ili afe mapema. Kwenye skripti, Qianqian anamlazimisha ndoa kijana mgeni, na usiku wa harusi kijana anampa sumu. Sehemu ya tatu, kwisha habari yake.

Kijana huyo ni Han Shuo, mrithi wa mji hasimu wa Xuanhu. Ana ugonjwa wa moyo, na amekuja Huayuan na ajenda yake moyoni: kuupata mfupa wa joka, hazina ya mji inayosemekana kuwa na uwezo wa kumponya. Mwanamke aliyeandikiwa kumpenda, kusimama naye na kuwa stelingi wa hadithi nzima ni Chen Chuchu, binti wa pili, dada yake Qianqian. Mshikeni huyo Chuchu kichwani. Nitarudi kwake, na nikirudi sitakuwa na maneno mazuri kwa walioitengeneza tamthilia.

Mimi huandika simulizi, zile za kusomea kwenye simu. Unatoa vipande vya mwanzo bure, msomaji akinogewa analipia, unamuunga kwenye kundi la WhatsApp anaendelea na wenzake. Katika kazi hii tunaua watu kwa urahisi sana. Simulizi ikipoa katikati, unamgonga mtu na lori pale Msamvu, na usiku huohuo kundi linachangamka: jamani, kafa kweli? Anayegongwa huwa ni mtu mdogo, ambaye hakuna aliyewahi kuulizia kazi yake wala mama yake. Ndiyo maana wazo la tamthilia hii lilinipata pale ambapo hadithi nyingine za majumba ya kifalme hazinipati. Inamchukua mtunzi, inamvika nguo za mtu aliyemwandikia mistari michache na kifo, halafu inamwambia: haya, ishi humo.

Na anachokikuta humo ndicho kinachonifanya niiheshimu kazi hii. Kwenye skripti, Qianqian alikuwa wa kazi moja tu, kuonyesha jinsi Han Shuo alivyo hatari. Ndani, Qianqian ana mama. Mtawala wa Huayuan ni mwanamke mkali, mji mzima uko chini yake, na bado huyu binti wa mwisho anamlegeza kila mara. Ndani, Qianqian ana mhudumu, Zirui, anayemfuata kwa uaminifu hata pale asipoelewa bibi yake amepatwa na nini. Nje anachukiwa, nyumbani anapendwa. Katika hadithi ya mwanzo hakukuwa na mtu wa kumlilia Qianqian baada ya sehemu ya tatu; hadithi ilihamia kwa Chuchu ikaendelea na safari. Ukimtazama yule mama kwa sehemu chache tu unajua kwamba angelia, na angelia muda mrefu, na kwamba mtunzi hakuwahi kukaa na wazo hilo hata dakika moja. Tamthilia haitoi hotuba juu ya jambo hili. Inamwacha Xiaoqian aitwe "binti yangu" na mama ambaye yeye mwenyewe alimwandika, ajibu, azoee kujibu.

Sasa, usije ukadhani hii ni tamthilia ya huzuni. Nusu ya kwanza nilicheka hadi mbavu zikauma, na kicheko kinatoka kwenye chanzo kimoja ambacho hakikauki. Xiaoqian anaamini kwamba hadithi ikifika mwisho uliopangwa, atarudi kwao. Kwa hiyo ana kazi mbili: yeye asife, na Chuchu na Han Shuo wapendane kama ilivyoandikwa. Kila anapojaribu kuwasogeza hao wawili, mambo yanakwenda kombo, na kila anapojiokoa, Han Shuo anaona amependwa. Akimkwepa, ni haya za msichana. Akimsaidia, ameshindwa kujizuia. Akimtupia maneno makali, anaficha yaliyo moyoni. Pembeni yuko Bai Ji, msaidizi wa Han Shuo, mtu mwenye jibu la kila kitu, ambaye anamfafanulia bwana wake maana ya kila hatua ya Qianqian kwa uhakika kabisa, na mara zote anakosea.

Kinachonoga ni kwamba Han Shuo si mjinga. Ametoka Xuanhu, mji ambao mwanamke hana sauti mbele ya mwanaume, na amelelewa akiamini kuwa lolote analolifanya mwanamke linamhusu mwanaume fulani. Kwa kipimo hicho, hesabu zake zote zimekaa sawa. Hawezi kuwaza kwamba yuko mwanamke mbele yake anayehangaika kuiokoa roho yake tu. Mwandishi wa tamthilia, Nan Zhen, hakuhitaji kumtukana Han Shuo ili tuone kosa la malezi yake. Amemwacha awe na akili, jasiri, mwenye mipango, halafu akamwacha akosee kila siku kwenye jambo lilelile.

Utazame vizuri usiku wa harusi. Wamekaa wawili, bwana na bibi harusi, na kati yao kuna mvinyo. Han Shuo anadhani siri ya mvinyo ule ni yake peke yake. Qianqian anaijua siri hiyo kuliko yeye, kwa sababu sumu ile aliiweka mwenyewe, kwa kalamu, usiku fulani akiwa mezani kwake na kazi inamsubiri. Zhao Lusi, anayeigiza Qianqian, anakitazama kile kinywaji kama mtu anayesoma mwandiko wake mwenyewe kwenye barua ya kumfukuza kazi. Uso unatabasamu kwa ajili ya bwana harusi, macho yanatafuta mlango, na mdomo umeanza kutunga uongo kabla kichwa hakijaamua ni uongo gani. Tamthilia ilipotoka alikuwa na miaka 21. Ana uso mdogo wa mviringo unaobadilika kila sekunde, na hofu yake ni ya kweli hata pale inapochekesha. Hii ni kazi ngumu. Waigizaji wengi wa vichekesho wakiogopa huonyesha kuwa wanajua tunacheka. Yeye anaogopa tu.

Ding Yuxi kama Han Shuo ana kazi nyingine: kiburi. Anatembea kidevu kikiwa juu, anaongea kwa kujizuia, na ule ugonjwa wa moyo unampa sababu ya kukunja uso hata anapofurahi. Halafu, polepole sana, kiburi kinageuka kuwa wivu wa mtoto. Akimwona Qianqian anaongea na Pei Heng, macho yanabadilika. Huyo Pei Heng, aliyeigizwa na Sheng Yinghao, ndiye aliyekuwa mchumba wa Qianqian, msomi, mtulivu, mwanaume wa mfano kwa vipimo vya Huayuan. Ninampenda Pei Heng, na najua si mimi peke yangu. Anampenda huyu Qianqian mpya kwa sababu ndiye mtu wa kwanza anayemsikiliza kama mtu mwenye akili.

Hapo sasa tumeingia kwenye Huayuan yenyewe. Ni mji wa wanawake. Wanawake ndio wenye vyeo, wenye biashara, wenye majeshi, wenye kuoa. Wanaume wanakaa nyumbani, wanafundwa utii, na mwanaume anayetembeatembea ovyo anaharibu soko lake la kuolewa. Maneno ambayo msichana wa kwetu ameyasikia tangu akiwa na miaka kumi na miwili, vaa hivi, usicheke hivyo, nani atakuchukua, yote wanaambiwa vijana wa kiume wenye mabega mapana, nao wanayapokea macho chini. Mara ya kwanza unacheka. Kisha unaanza kukumbuka sauti ya nani ilikuambia maneno yale, na jikoni gani.

Nilitazama sehemu kadhaa nikiwa nyumbani Matombo na bibi yangu, nikisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha na kumweleza kwa Kiswahili. Bibi ni Mluguru wa Uluguru haswa. Kwetu ukoo unafuata mama, na shamba la mlimani ni la ukoo wa mama. Nilidhani Huayuan itamfurahisha. Alitazama kimya muda mrefu, kisha akaniuliza:

"Mjukuu wangu, wajomba wa hawa mabinti wako wapi?"

"Hawaonyeshwi, bibi."

"Mama yao hana kaka?"

"Sijamwona."

"Basi hawa hawajatawala. Wamevaa kanzu za wanaume tu."

Swali hilo limenikaa. Mtu aliyekulia kwenye ukoo wa mama anajua kwamba nyumba ya namna hiyo haijengwi kwa kugeuza kioo. Ina wajomba wenye neno, ina wapwa wenye haki, ina waume wanaokuja kukaa kwa wakwe na heshima yao, ina mambo ya ardhi na majina yanayozungumzwa siku nzima. Huayuan haina lolote kati ya hayo. Imechukuliwa Xuanhu, ikapinduliwa chini juu, basi. Kama utani, mpinduo huo unafanya kazi vizuri mno. Kama mji wa watu, ni mwembamba, na ukikaa nao sehemu nyingi unaanza kuona ukuta wa nyuma. Tamthilia yenyewe ina njia ya kujitetea: mji huu umeandikwa na Xiaoqian, msichana aliyekuwa na haraka ya kumaliza kazi, na ni halali uwe mwembamba. Sawa. Lakini anapoishi humo ndani angeweza kuukuta umenenepa, kama alivyomkuta mama yake Qianqian. Hilo halifanyiki, na mimi nililitamani.

Kuhusu majumba, nguo na vita nitasema kwa kifupi. Hii si tamthilia ya fedha nyingi na haijifichi. Rangi ni kali, korido zinajirudia, na jeshi likijipanga unaweza ukawahesabu askari. Sikujali. Watu wakiwa na jambo la kusema, chumba kimoja kinatosha.

Sasa Chuchu.

Chen Chuchu, anayeigizwa na Zhou Zixin, ndiye aliyeandikwa kuwa stelingi. Ni mchapakazi, anaujali mji, anawajibika, anafanya kila ambacho binti wa mtawala anatakiwa kufanya. Katika hadithi ya mwanzo, angempata Han Shuo, angepewa nafasi, na sisi tungemshangilia. Halafu siku moja mdogo wake mkorofi anaamka akiwa na akili za mtu mwingine, na kila kitu kinaanza kuhama. Mwanaume anamtazama mdogo wake. Mama, ambaye sikuzote alimdekeza huyu wa mwisho, sasa ana sababu ya kumwamini pia. Sifa zinahama, watu wanahama. Chuchu hajafanya kosa lolote. Ameamka asubuhi akiwa yuleyule, na hadithi imemkimbia.

Nilipofika hapo nilikaa vizuri, nikasema moyoni, sasa ndiyo penyewe. Kwa sababu swali la tamthilia hii tangu mwanzo ni hili: mtunzi ana deni gani kwa mtu aliyemtupa? Na sasa Xiaoqian, kwa kujiokoa, amemtupa mtu mwingine. Amemtupa yule aliyempenda kuliko wote, aliyemwandikia mistari mizuri, mwanamke wake mkuu. Nilisubiri akae na Chuchu. Nilisubiri amwone, kama alivyolazimika kumwona Qianqian.

Walichokifanya ni kumgeuza Chuchu kuwa adui. Uchungu wake unakuwa chuki, chuki inakuwa hila, na hila inatupa sababu ya kutomhurumia. Ni njia rahisi ya kumaliza hesabu: ukishamfanya mtu kuwa mbaya, huna haja ya kumlipa ulichomchukulia. Sisemi Zhou Zixin ameigiza vibaya. Ndani ya nafasi aliyopewa anajitahidi, na kuna nyakati anamtazama Qianqian kama mtu anayejiuliza nimekukosea nini. Lakini skripti haimpi jibu. Ndiyo kusema, Qianqian alitupwa ili Chuchu ang'ae, tamthilia ikalia kwamba si haki, kisha ikamtupa Chuchu ili Qianqian ang'ae. Kama tamthilia hii isingekuwa na akili nisingeumia. Inayo, na ndiyo maana ninailaumu kwa nguvu. Alama mbili kati ya kumi nimezikata hapo, na sizirudishi.

Baadaye hadithi inahamia Xuanhu, na huko kicheko kinapungua. Qianqian, ambaye huko Huayuan neno lake lilikuwa amri hata alipokuwa mpumbavu, anajikuta bibi harusi katika mji ambao mwanamke anatakiwa kunyamaza. Kuna watazamaji waliochoka hapa. Mimi naiona sehemu hii kuwa ya lazima, ingawa imekwenda haraka. Ukiwa umecheka kwa saa nyingi wanaume wakiambiwa wakae ndani, Xuanhu inakurudishia maneno yaleyale yakiwa yamekaa mahali ulipoyazoea, na unagundua kwamba hukuyazoea hata kidogo. Han Shuo naye anapimwa hapa. Kumpenda mwanamke mwenye nguvu kwenye mji wake ni jambo moja. Kumpenda kwenye nyumba ya baba yako, mbele ya wazee wako, ni jambo jingine. Mwisho wenyewe sitausema. Nitasema tu kwamba wanaotaka harusi na ngoma watapata kitu tofauti kidogo na walichokitarajia, na kwamba mimi niliuona kuwa wa haki kwa Xiaoqian kama mtunzi.

Kwa mtu ambaye hii itakuwa mara yake ya kwanza, ajue kwamba Wachina wana shamba kubwa la hadithi za namna hii. Chimbuko lake ni riwaya za mtandaoni, ambazo msomaji analipia sura kwa sura. Tovuti ya Qidian ilianza kulipisha hivyo mwaka 2003, na Jinjiang, ambayo wanawake wengi huandika na kusoma humo, ilianzishwa mwaka huohuo. Nikisoma habari zao najiona mimi na wenzangu wa makundi ya WhatsApp, isipokuwa wao wamefika mbali. Mwanzoni waliopendwa sana ni wasafiri wa wakati, msichana wa leo anadondokea katika enzi ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, anakutana na wana wa mfalme ambao historia inajua watakufaje. Mwaka 2011 ulikuwa wa neema kwa tamthilia hizo, na mwaka huohuo mamlaka ya utangazaji ya China ikazikemea hadharani, kwamba zinaichezea historia. Kuzama kitabuni, yaani mtu wa leo kujikuta ndani ya hadithi ya kutungwa kama Xiaoqian, kunaikwepa kero hiyo. Huayuan na Xuanhu haziko kwenye enzi yoyote, hakuna mfalme wa kweli wa kumvunjia heshima. Na kwa hadithi yenyewe kuna faida kubwa zaidi: anayerudi kwenye historia anagombana na yaliyokwisha kutokea, anayezama kwenye kitabu anagombana na mtu aliyeamua. Kuna mkono ulioandika. Unaweza kuuliza kwa nini uliandika hivi.

Anayezama mara nyingi ni msomaji, na mara nyingi anaangukia kwa mwanamke mwovu ambaye wamelingana jina. Hapa ni mtunzi mwenyewe, na ndicho kinachoipa tamthilia hii uzito kuliko nyingi za kundi lake. Msomaji anaweza kulalamika kuwa kitabu ni kibaya. Xiaoqian hana wa kumlalamikia. Mwaka 2025 imetoka nyingine ndefu zaidi, sehemu 40, A Dream Within a Dream, ambamo anayezama ni mwigizaji mdogo, yaani mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akifa kwenye hadithi za wengine. Wazo hilo nalo limenivutia na nimeanza kuitazama, lakini nitaiandika nikimaliza.

Tiger and Rose ni ya kampuni ya Tencent ya China, na nje ya China huonyeshwa kwenye WeTV, jukwaa lake la mtandaoni. Niliitazama kwa maandishi ya Kiingereza, kwenye simu, usiku bando linapokuwa nafuu. Maandishi yanakwenda haraka, na kwa mtu kama bibi yangu, ambaye macho yamepungua na Kiingereza hakijui, hiyo ni kusema tamthilia haipo mpaka ajitokeze mjukuu wa kumsimulia. Na tunajua Kiswahili kinaweza kuibeba kazi ya Kichina. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Mao Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na mwaka 2013 Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam aliitaja. Watu waliifuata kwa sababu mama mkwe ni mama mkwe, Beijing hata Mbagala. Tangu hapo tumezoea kupewa za ukwe na za ndoa za mjini. Kichekesho cha majumba ya kale kama hiki kingeenda vizuri zaidi, kwa sababu kinategemea ulimi, na ulimi tunao.

Watakaopewa kazi ya kuiingizia sauti za Kiswahili, kama watakuwepo, nawaomba wasikimbilie sauti za matangazo ya redio. Mtawala wa Huayuan apewe mwanamke mtu mzima wa Pwani, asiyepandisha sauti, anayeweza kusema "mwanangu" moja ikawa karipio na nyingine ikawa msamaha. Qianqian apewe msichana wa mjini anayeongea upesi, maneno yakigongana mlangoni, na asilazimishwe kusema Kiswahili cha vitabuni anapohofia roho yake. Han Shuo aongee kwa kujivuta, kwa adabu iliyozidi, mpaka pale wivu unapomshika, hapo sauti imponyoke. Bai Ji apewe yule kijana wa kijiweni anayejua mapenzi ya kila mtu na hajawahi kuwa na mchumba. Na Chuchu apewe sauti nzuri kuliko zote, ya chini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa, ili anapoanza kuongea peke yake watazamaji wa huku walau wasikie kitu ambacho skripti haikumwandikia.